Horohoro na fumbo la ruta: Mkongo kufika mpakani si sawa na njia kuwa wazi

JUMAPILI ya Mei 12, mwaka 2024, watumiaji wa intaneti nchini Tanzania walijikuta katika hali ambayo wengi wao hawakuwa wameizoea. Kurasa ziligoma kufunguka, ujumbe ulichelewa kufika na shughuli zilizotegemea mtandao zikapooza kwa saa nyingi. Baadaye ilifahamika kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika katika eneo la bahari lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Taasisi ya NetBlocks, ambayo hufuatilia hali ya intaneti duniani, iliitaja Tanzania pamoja na kisiwa cha Mayotte kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam nao ulitangaza kuifunga milango yake kwa umma kwa siku mbili, kwa sababu ya udhaifu wa mtandao uliokuwa umeenea nchi nzima.

Kenya nayo iliguswa na tukio hilo. Hata hivyo, Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilieleza kwamba mkongo wa TEAMS ulikuwa haukudhurika na kwamba ulikuwa ukitumika kubeba mawasiliano. Mkongo huo huanzia Mombasa na kuelekea Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, bila kupita kusini kabisa. Kutoka Mombasa hadi mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro ni takriban kilomita 100, na kutoka Horohoro hadi Tanga mjini ni takriban kilomita 65 za barabara ya lami.

Swali la kujiuliza, basi, ni rahisi kulitamka lakini gumu kulijibu. Ikiwa mlango wa kusini umefungwa, na umbali wa safari ya nusu siku kwa basi kuna mlango mwingine ulio wazi, kwa nini mawasiliano ya nchi yasigeuzwe njia na kupitishwa Horohoro?

Jibu la wengi huishia kwenye nyaya. Husemwa kwamba zinahitajika kebo nyingi zaidi, nazo zikipatikana tatizo litakuwa limekwisha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo ndani ya masanduku ya chuma yaliyowekwa katika vyumba vyenye viyoyozi, ambayo wataalamu huyaita ruta. Humo ndimo inamoamuliwa kila sekunde data ipite wapi. Na uwezo wa masanduku hayo kuamua hautegemei tu fundi anayeyasimamia, bali pia kampuni iliyoyatengeneza na kiwango ambacho kampuni hiyo iko tayari kuyahudumia.

Mlango wa kaskazini

Pwani ya Afrika Mashariki haikuanza leo kutegemea waya uliolazwa baharini. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa upande wa kaskazini na Durban kwa upande wa kusini kwa waya wa simu za maandishi. Miaka 130 baadaye, mwezi Julai mwaka 2009, SEACOM ilifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikafuatiwa na EASSy. Teknolojia imebadilika sana, lakini jiografia haikubadilika. Ukitoka pwani hii unakwenda kusini kuelekea Afrika Kusini, au unakwenda kaskazini kuelekea Bahari ya Shamu na Ghuba.

Ni jiografia hiyo iliyoufanya mwaka 2024 kuwa mgumu. Februari mwaka huo, miezi mitatu kabla ya tukio la Mei, mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, ukiwamo ule wa SEACOM. Hilo lilitokea baada ya meli ya Rubymar kushambuliwa na kuachwa ikielea huku nanga yake ikiburura chini ya maji. Matengenezo yalichukua miezi kwa sababu ya hali ya usalama katika eneo hilo. Hivyo, njia ya kusini ilipokatika Mei, njia ya kaskazini nayo ilikuwa tayari na jeraha. Septemba mwaka 2025 mikongo mingine ikakatika tena karibu na Jeddah, ishara kwamba hatari hiyo haijapita.

Kwa upande wa nchi kavu, Tanzania ilianza mwaka 2009 kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka China, na uendeshaji wake ukakabidhiwa TTCL. Mkongo huo umefika mikoani na kwenye mipaka ya nchi jirani. Kwa upande wa Kenya, vituo vinavyotajwa ni Namanga, Sirari na Horohoro.

Kati ya vituo hivyo vitatu, Horohoro ndicho kilicho karibu zaidi na Mombasa, mahali ambapo mikongo mingi ya baharini hutua. Mbali na SEACOM na EASSy, Mombasa ina TEAMS iliyofika mwaka 2009, LION2 iliyofika mwaka 2012 na PEACE iliyofika mwaka 2022. Kwa lugha ya ramani, Horohoro ni mlango wa dharura wa Tanzania kuelekea kaskazini. Lakini mlango wa dharura ambao haujawahi kufunguliwa kwa majaribio unaweza kukutwa umefungwa kwa kufuli siku moto utakapowaka.

Jinsi data inavyochagua njia

Data haisafiri kama maji ndani ya bomba moja. Ujumbe, picha au muamala wa benki hukatwakatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya inakokwenda, kama bahasha iliyoandikwa jina la mpokeaji. Ruta huisoma anwani hiyo, ikaangalia jedwali lake la njia, kisha ikaisukuma pakiti kwa ruta inayofuata. Pakiti moja inaweza kupita mikononi mwa ruta kumi au ishirini kabla ya kufika.

Jedwali hilo la njia hutokana na mazungumzo yasiyokoma baina ya ruta zenyewe. Ruta ya upande wa Tanzania huiambia ya upande wa Kenya, "Kwangu unaweza kuzifikia anwani hizi," nayo ya Kenya hujibu kwa orodha yake. Lugha wanayotumia katika mazungumzo ya mpakani inaitwa BGP. Inasimuliwa katika historia ya intaneti kwamba misingi ya lugha hiyo iliandikwa Januari mwaka 1989 juu ya leso za karatasi za mezani na wahandisi wawili, Kirk Lougheed wa kampuni ya Cisco na Yakov Rekhter wa kampuni ya IBM.

Jambo la kuzingatia hapo si leso bali waajiri. Wahandisi hao walitoka katika kampuni mbili tofauti. Kwa kuwa lugha hiyo ilitangazwa hadharani na kila mtengenezaji akaruhusiwa kuitumia, leo ruta ya kampuni moja iliyopo Horohoro inaweza kuzungumza na ruta ya kampuni nyingine iliyopo Lunga Lunga bila mkalimani. Bila makubaliano ya aina hiyo, mpaka wa nchi ungekuwa pia mpaka wa data.

Kinadharia, basi, mkongo wa kusini ukikatika, ruta hutangaziana kwamba njia ile haipo tena, na ndani ya dakika chache pakiti huanza kufuata njia nyingine. Lakini nadharia hiyo ina masharti. Kwanza, lazima pawe na mkataba wa kibiashara unaoruhusu data ya Tanzania kupita Kenya. Pili, lazima uwezo wa kutosha uwe umekodiwa mapema. Tatu, ruta zenyewe lazima ziwe na nguvu na programu za kuimudu kazi hiyo. Masharti mawili ya kwanza huzungumzwa bungeni na katika vikao vya wakurugenzi. La tatu huachiwa mafundi, nalo ndilo hugundulika siku ya msiba.

Jedwali likijaa

Mfano mzuri ni ule wa Agosti 12, mwaka 2014. Siku hiyo idadi ya njia katika jedwali kuu la intaneti duniani ilivuka 512,000. Kulikuwa na ruta nyingi za zamani, nyingi kati yake za kampuni ya Cisco, ambazo kumbukumbu yake ya njia ilikuwa imepangiwa ukomo wa idadi hiyo. Zilipozidiwa, nyingine zilianza kudondosha pakiti na nyingine zikazima na kuwaka upya. Kampuni kadhaa za intaneti duniani zilipata hitilafu, ingawa hakuna waya wowote uliokuwa umekatika.

Mtengenezaji alikuwa ametoa tahadhari na maelekezo mapema ya namna ya kugawa upya kumbukumbu hiyo. Waliokuwa na mkataba hai wa huduma na mafundi wa kuusoma waraka huo walijiandaa. Ambao hawakuwa navyo, walijifunza kwa njia ya uchungu. Tangu wakati huo jedwali hilo limekua hadi kufikia takriban njia milioni moja za mfumo wa zamani wa anwani pekee, na ruta iliyonunuliwa kwa ajili ya mahitaji ya muongo uliopita inaweza isitoshe leo.

Hapo ndipo kituo cha mpakani kinapokuwa na hatari yake. Ruta za makao makuu hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu kila mtu anaziona. Ruta ya njia ya akiba, ambayo kwa siku za kawaida hubeba mzigo mdogo, ni rahisi kusahaulika. Siku inapotakiwa kubeba mzigo wa nchi, ndipo inapobainika kwamba umri wake umekwisha.

Kuchagua nani apite kwanza

Hata ruta ikiwa na nguvu, kuna suala la upana wa njia. Njia ya akiba mara nyingi huwa nyembamba kuliko njia kuu. Mzigo wote ukisukumwa huko kwa pamoja, hakuna atakayepita, kama magari yote ya jiji yanapoelekezwa kwenye daraja moja la mbao. Busara inataka kuchagua. Mawasiliano ya hospitali, mabenki, usalama wa ndege na forodha yapite kwanza, na video za burudani zisubiri.

Wazo la kuipangia pakiti njia yake si jipya. Waraka wa kiufundi wa Septemba mwaka 1981, ulioweka misingi ya intaneti inayotumika hadi leo, ulikuwa na kipengele kinachomruhusu mtumaji kuandika ndani ya pakiti yenyewe orodha ya vituo ambavyo ilipaswa kupitia. Nafasi ilitosha vituo tisa tu. Ni kama bahasha iliyoandikwa si jina la mpokeaji peke yake, bali pia "pitia Tanga, kisha Horohoro, kisha Mombasa."

Kipengele hicho kilikuwa kizuri kwa watu waaminifu na kibaya kwa intaneti ya watu wote. Wahalifu waligundua kwamba wangeweza kukitumia kupenya mitandao iliyolindwa. Watengenezaji wakaendelea kukiweka katika ruta zao kwa sababu waraka ulikitaka, lakini mafundi duniani kote wakafundishwa kukizima. Mfumo mpya wa anwani, yaani IPv6, ulipokuja na kipengele kinachofanana nacho, kikapigwa marufuku rasmi Desemba mwaka 2007, kwa kuwa pakiti chache zingeweza kuzungushwa huku na huko hadi kuusongamanisha mtandao.

Wazo lenyewe halikufa. Limerudi kwa sura nyingine, safari hii likiwa limefungiwa ndani ya mtandao wa mwendeshaji mmoja anayejua anachofanya. Viwango vyake vilitangazwa mwaka 2018 na 2020. Mwendeshaji wa mkongo anaweza kuamua kwamba data ya forodha ifuate njia ya pwani na data ya burudani izunguke kwingine, na mabadiliko hayo yafanyike kwa amri moja badala ya fundi kugusa kila ruta njiani.

Lakini hapa ndipo mtengenezaji anaposhika mpini. Si kila ruta inaweza kufanya hivyo. Nyingine hazina uwezo huo katika chuma chenyewe, kwa hiyo hakuna programu itakayosaidia. Nyingine zina uwezo, lakini umefungwa hadi mteja anunue leseni ya ziada. Nyingine zinaweza, ila kwa toleo jipya la programu ambalo hutolewa kwa wenye mkataba hai wa huduma. Na kwa miaka kadhaa kampuni kubwa zenyewe zilivutana kuhusu namna bora ya kufupisha orodha hiyo ya vituo, kila upande ukisukuma pendekezo lake katika vikao vya viwango. Mnunuzi aliyewahi upande mmoja mapema alijifunga nao kabla ya hukumu kutoka.

Faida na hasara ya muuzaji mmoja

Ni haki kusema kwamba kununua vifaa vyote kwa mtengenezaji mmoja kuna sababu zake. Bei ya jumla hupungua. Mafundi hufundishwa mfumo mmoja tu. Hitilafu ikitokea, hakuna kampuni mbili za kutupiana lawama. Aidha, mikopo ya miundombinu kutoka nje mara nyingi huja pamoja na mkandarasi na vifaa vya nchi inayokopesha, na nchi inayohitaji mkongo haraka haina nafasi kubwa ya kuchagua.

Hasara huonekana polepole. Kampuni ya Cisco kwa miaka mingi ilikuwa na lugha yake binafsi ya ruta kuzungumza, iitwayo EIGRP, ambayo wahandisi wengi waliisifia kwa wepesi wake. Taasisi zilizoijenga mitandao yao juu yake zilijikuta haziwezi kuchanganya vifaa vya kampuni nyingine kwa urahisi. Maelezo ya msingi ya lugha hiyo yalichapishwa hadharani mwaka 2016, zaidi ya miongo miwili tangu ianze kutumika.

Ipo pia hatari kwamba mtengenezaji mwenyewe hatakuwapo. Januari mwaka 2009 kampuni kubwa ya Nortel ya Kanada, ambayo vifaa vyake vilikuwa vimetapakaa duniani, iliomba kinga ya kufilisika, kisha ikauzwa vipande vipande. Wateja wake walilazimika kumtafuta aliyenunua kipande kinachowahusu. Mei mwaka 2019 Serikali ya Marekani iliiweka kampuni ya Huawei ya China katika orodha ya vikwazo vya biashara, na waendeshaji wa mitandao katika nchi nyingi wakaanza kujiuliza kama vipuri na programu vitaendelea kupatikana. Mwaka 2025 kampuni ya Juniper ikawa mali ya HPE. Katika matukio yote matatu, hakuna mteja wa Afrika aliyeulizwa maoni.

Kuna na umri wa kawaida. Watengenezaji hutangaza tarehe ya kuacha kuuza aina fulani ya ruta, na baada ya muda huacha kabisa kuihudumia. Kwa Cisco, kwa kawaida muda huo ni miaka mitano tangu mauzo yasimamishwe. Baada ya hapo sanduku linaweza kuendelea kuwaka taa zake kwa miaka kumi mingine, lakini hakuna atakayeziba ufa ukigunduliwa. Oktoba mwaka 2023 udhaifu mkubwa katika programu ya ruta za kampuni hiyo uliwawezesha wahalifu kuteka maelfu kwa maelfu ya vifaa duniani kabla dawa haijatolewa. Hao walikuwa wateja wa vifaa vinavyohudumiwa. Mwenye kifaa kilichoachwa hana hata dawa ya kusubiri.

Imani baina ya majirani

Usalama wa njia nao una sura ya kidiplomasia. Februari 24, mwaka 2008, shirika la simu la Pakistan lilitaka kuizuia tovuti ya YouTube ndani ya nchi yake. Tangazo lake la njia likavuja hadi nje, ruta za dunia zikaliamini, na kwa saa kama mbili YouTube ikatoweka kwa sehemu kubwa ya watumiaji duniani. Tangu hapo waendeshaji wa mitandao wamekuwa wakali. Hawapokei tangazo la njia kutoka kwa jirani bila kulilinganisha na orodha waliyoikubali, na wengi sasa hutumia vyeti vya kidijitali kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani ipi.

Ukali huo ni mzuri, lakini una gharama yake kwa njia ya dharura. Anwani za Tanzania zikitangazwa ghafla kupitia Mombasa, na kampuni za kule zikawa hazijaziweka katika orodha zao, zitakataliwa kama mgeni asiye na barua. Na ruta ya zamani isiyoweza kusoma vyeti hivyo haitajua ni tangazo lipi la kweli na lipi la uongo. Maandalizi ya karatasi na ya programu lazima yafanyike siku ya amani.

Kenya yenyewe inalo funzo la jinsi njia inavyoweza kufungwa bila kebo kukatika. Kituo cha kubadilishana data cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa Novemba mwaka 2000 ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya isizunguke hadi Marekani na kurudi. Hakikudumu hata mwezi mmoja. Kilifungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya malalamiko kwamba kiliingilia haki ya pekee ya shirika la simu la wakati huo, na kikarudi rasmi mwaka 2002. Tanzania ilipata kituo chake cha TIX jijini Dar es Salaam miaka michache baadaye. Vituo hivi vina umuhimu wake katika dharura, kwa kuwa data isiyohitaji kuvuka bahari haiguswi na nanga ya meli.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni katika zabuni. Mkataba wa kununua ruta hauna budi kutaja kwa majina viwango vya wazi vinavyotakiwa, ukomo wa jedwali la njia, leseni zote zitakazohitajika tangu mwanzo, na idadi ya miaka ambayo mtengenezaji atatoa programu mpya. Kigezo cha bei ya chini peke yake hununua sanduku, hakinunui huduma. Mnunuzi anayesahau leseni leo atairudia kesho kwa bei atakayopangiwa na muuzaji, kwa sababu wakati huo hatakuwa na pa kwenda.

Hatua ya pili ni kuwatenganisha watengenezaji pale inapowezekana, hasa mipakani. Si lazima kila kituo kiwe na kampuni tofauti, jambo ambalo lingewachosha mafundi bure. Lakini njia kuu na njia ya akiba zikiwa na ruta za aina moja, zenye programu moja, udhaifu mmoja unaweza kuziangusha zote kwa siku moja. Hapo nchi itakuwa na nyaya mbili lakini njia moja.

Hatua ya tatu ni mazoezi. Majeshi hufanya mazoezi, vikosi vya zimamoto hufanya mazoezi, lakini ni nadra kusikia nchi mbili zikizima kwa makusudi njia kuu ya data usiku wa manane ili kuona kama njia ya mpakani itaitika. Zoezi la saa moja baina ya waendeshaji wa Tanzania na wa Kenya, likihusisha Horohoro, lingefichua mengi kuliko ripoti ya kurasa mia. Lingeonyesha ruta ipi imezidiwa, orodha ipi haijasahihishwa na leseni ipi imekwisha muda.

Hatua ya nne ni watu. Ruta ya kisasa inayosimamiwa na fundi aliyeko ng'ambo, anayeamshwa kwa simu kutoka Dar es Salaam, haina faida siku ambayo simu yenyewe haipatikani. Mafundi wazawa wanaoweza kusoma waraka wa mtengenezaji, kuuliza maswali magumu na kubadili njia kwa mikono yao wenyewe ni sehemu ya miundombinu kama ilivyo kebo.

Mkongo wa 2Africa, uliofikishwa Dar es Salaam mwaka 2023 kupitia kampuni ya Airtel, umeongeza matumaini kwamba historia ya Mei 2024 haitajirudia kwa ukubwa ule. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mkongo mpya unapita katika bahari ileile, na data yake itaamuliwa na ruta kama zilivyoamuliwa nyingine zote.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Horohoro na lori lake, haya yote yanaweza kuonekana kuwa mambo ya mbali. Si ya mbali. Tangu mfumo wa Himaya Moja ya Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2014, nyaraka za mzigo hutangulia kwa mtandao kabla ya mzigo wenyewe. Pakiti zikikosa njia, lori nalo husimama, na nyanya au vitunguu vilivyomo ndani yake havisubiri taarifa ya fundi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mpaka huu ukuta hauhitajiki na nyaya zimekwishafika. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba masanduku yanayozisimamia yanajua njia ya kwenda Mombasa, yameruhusiwa kuitumia, na yana mtu wa kuyahudumia usiku ambao njia nyingine zote zitakuwa zimefungwa.